Kasi ya upepo haitoshi: umbo la pwani na hatari ya kimbunga

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, Msumbiji. Upepo, mafuriko ya mito na bahari iliyovimba viliua watu zaidi ya 1,000 katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Katika balaa hilo kuna jambo ambalo halikuzungumzwa sana: mwezi ulikuwa katika robo ya kwanza, kwa hiyo maji yalikuwa mafu, yaani bahari haikuwa ikijaa wala kupwa sana. Wiki moja baadaye mwezi ulikuwa mpevu, tena karibu na dunia kuliko kawaida yake, na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, ilikuwa kubwa. Beira ni mahali ambapo bahari hupanda na kushuka takriban mita 6 siku za bamvua. Kimbunga kilekile, kwa upepo uleule, kingekuta bahari iko juu zaidi kabla hakijaanza hata kuisukuma.

Tunapotoa tahadhari, swali la kwanza tunaloulizwa ni kasi ya upepo. Ni swali la haki, lakini peke yake halisemi maji yatafika wapi.

Tuanze na bahari yenyewe, maana ndiyo ghala la joto la dunia. Mita 3 hivi za maji ya juu zinatosha kubeba joto sawa na linalobebwa na angahewa yote. Kimbunga hula joto hilo. Mvuke hupanda, ukigeuka mawingu huachia joto lililofichika ndani yake, hewa huzidi kupanda, mgandamizo wa hewa chini hupungua, na upepo hukimbilia kujaza pengo. Kwa kawaida hayo huhitaji maji yenye nyuzi joto 26.5 au zaidi, na joto hilo lisiwe la juu juu. Upepo mkali huvuruga bahari na kuinua maji baridi ya chini, hivyo tabaka la moto likiwa jembamba, kimbunga hujizimia moto chenyewe. Karibu kabisa na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo kila upande, vimbunga huwa nadra sana hata kama bahari ina joto la kutosha, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ni dhaifu mno pale kuweza kuuzungusha.

Pwani nayo ina sauti katika jambo hili. Angalia Peru, Chile na Namibia. Upepo huvuma sambamba na ufuo, mzunguko wa dunia huyapinda maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi hupanda kutoka kilindini kuziba nafasi. Hewa iliyopozwa kutoka chini haipandi, na isipopanda hakuna mvua ya maana. Ndiyo sababu majangwa ya Atacama na Namib yanapakana na bahari, yakiishi kwa ukungu. Miaka ya El Niño, upepo wa Pasifiki unapolegea na maji ya moto kusogea mashariki, jangwa la kaskazini mwa Peru hupigwa na mafuriko.

Sasa turudi kwenye kuvimba kwa bahari, ambako ndiko watu wengi wamepotelea. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1 (kizio cha kupimia mgandamizo huo), bahari huinuka kwa sentimita 1 hivi. Kwa hiyo hata kimbunga kikali kinapata nusu mita au mita moja kwa njia hiyo. Mita nyingine zote ni kazi ya upepo, na hapo sakafu ya bahari ndiyo huamua. Kwenye kilindi, maji yanayosukumwa juu hupata njia ya kurudi kwa chini. Kwenye maji mafupi yanayotandaa kilomita nyingi, njia hiyo haipo, maji hurundikana. Ghuba ya Bengal ina kasoro zote mbili: upande wa kaskazini ni maji mafupi, tena kingo zake zinakaribiana kadiri unavyopanda. Novemba 1970 kimbunga kilichopiga eneo ambalo leo ni Bangladesh kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, wengi wao kwa maji. Kisiwa kilichozungukwa na kilindi hakivimbiwi hivyo, ila mawimbi makubwa hukifikia yakiwa hayajapoteza nguvu.

Ukubwa wa dhoruba nao huhesabiwa. Mwaka 1969 kimbunga Camille kiliipiga pwani ya Mississippi, Marekani, kikiwa daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha kasi ya upepo. Mwaka 2005 Katrina ilifika pwani hiyohiyo ikiwa imeshuka hadi daraja la 3, lakini ilikuwa pana zaidi, na bahari ikavimba kupita mita 8, juu ya kiwango cha Camille. Waliosalimika mwaka 1969 na kuamini kwamba nyumba zao zimeshapimwa walikuwa wamepimwa kwa kipimo kisicho sahihi.

Pwani pia hubadilika. Mwamba wa matumbawe ulio hai huvunja sehemu kubwa sana ya nguvu ya mawimbi, wastani wa asilimia 97 kwa vipimo vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za dunia. Ukifa na kumomonyoka, wimbi hupita. Mchanga nao husafiri, hupelekwa na mawimbi yanayopiga ufuo kwa mshazari, na unapozuiwa mahali pamoja hukosekana kwingine. Bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Nile lilibaki nyuma yake, na ufuo wa Rashid huko Misri ukazidi kuliwa kwa kasi. Ukuta wa zege, dawa inayopendwa na wengi, hulinda kilicho nyuma yake tu. Wimbi likiugonga hurudi na nguvu zake, huchimba mchanga wa miguuni pa ukuta, na mara nyingi ufuo hutoweka.

Kwa hiyo tahadhari ikitoka, pamoja na kasi ya upepo, tafuta saa ambayo kimbunga kinatarajiwa kuingia, kisha uilinganishe na jedwali la maji kujaa na kupwa. Tazama pia utakuwa upande gani wa njia yake. Ukisimama ukielekea kinakokwenda, kusini mwa ikweta upepo mkali zaidi huwa kushoto, kaskazini mwa ikweta huwa kulia. Na agizo la kuhama kwa ajili ya maji lifuatwe hata kama upepo uliotangazwa umepungua usiku huo, kwa kuwa bahari iliyokwisha kusukumwa haishuki papo hapo.