Nusu kidonge si nusu ya tiba

"Tulisema tungoje janga lipite kwanza, daktari."

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, ila nimeshachoka kusahihisha hilo la udaktari. La kungoja sijachoka, na sitachoka. Nalisikia tangu Machi 2020, korona ilipotangazwa kuwa janga la dunia, na kila mlipuko mpya ukitajwa redioni linarudi. Safari hii amelisema mama aliyemleta mwanawe akiwa amefungwa kamba mikononi. Akamimina mezani mfuko wa risperidoni, dawa yake ya skizofrenia, vidonge vingi vimekatwa katikati kwa wembe. "Tulikuwa tunabana, zisiishe mapema."

Kweli hazikuisha. Kijana aliacha kulala wiki ya sita.

Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, akishushiwa dozi kienyeji, ugonjwa hauji siku ileile. Unaweza kukaa kimya wiki kadhaa, na ukimya huo ndio unaoidanganya familia: mbona yuko sawa tu? Kisha anaanza kujibizana na ukuta. Kwa mwenye kifafa, ambaye katika nchi nyingi maskini hutibiwa kliniki za akili kama yetu, kukatiza ghafla fenobabitoni, dawa yake ya kuzuia degedege, kunaweza kuleta degedege mfululizo, na hiyo inaua. Sasa hapo unangoja nini?

Simlaumu mama peke yake, maana hata serikali zilingoja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliziuliza nchi 130, na 93% zikakiri huduma zao za akili zimesimama au kuyumba. Kwingine wodi zetu ziligeuzwa za kutengea wagonjwa wa korona, mabasi yakapigwa marufuku, na watu wakaogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndiyo maana nawaimbia wagonjwa wangu wimbo mmoja: vidonge vikibaki vya siku kumi, toka ukachukue vingine. Kama mgonjwa hawezi kusafiri, mtume ndugu na kadi ya kliniki pamoja na pakiti tupu, aombe dawa za miezi miwili au mitatu. Kadi ipige picha, ibaki kwenye simu ya mtu wa pili. Na wembe uacheni.

Wengine huniambia: "Bila daktari bingwa hakuna tiba." Mkingoja bingwa, wengi wenu mtangoja maisha. Tangu 2008 upo mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kutibu sonona, saikosisi (kusikia au kuona yasiyokuwepo) na kifafa. Zimbabwe wamekwenda mbali zaidi: bibi waliofunzwa huketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

"Ushauri wa simu ni wa wenye simu kubwa." Kitochi kinatosha. Nasikiliza sauti, siangalii sura. Tatizo la kweli ni chumba kimoja chenye watu sita, kwa hiyo nipigie ukiwa umetoka nje.

"Dawa za sonona zinalevya, bora niache nikipata nafuu." Hazilevyi. Ila ukiziacha kwa mkupuo unaweza kupata kizunguzungu na usingizi wa kukatikakatika, halafu utasema si unaona. Tunazipunguza taratibu, pamoja.

Kijana amelazwa. Wakati wa kuondoka mama ameuliza kama zile nusu azitunze, huenda zikafaa baadaye. Nimebaki na mfuko.