Je, wajua kwa nini dohani za jumba la kifalme la Seoul zimejengwa bustanini?

Mwanafunzi wa kubadilishana akipata siku ya mapumziko jijini Seoul, mara nyingi huanzia Gyeongbokgung, jumba kuu la wafalme wa ukoo wa Joseon. Hukodi hanbok, vazi la asili la Wakorea, kwa kuwa aliyevaa hanbok haulizwi kiingilio cha won 3,000. Hupiga picha mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, kisha huyo, anaondoka. Nasikitika kila nikiona hivyo, maana kinachoeleza maisha ya Wakorea kuliko kiti chochote cha enzi kiko kule nyuma.

Upite ukumbi, upite vyumba vya mfalme, ufike Gyotaejeon, nyumba ya malkia. Nyuma yake kuna bustani ya matuta iitwayo Amisan, na humo zimesimama dohani nne za matofali mekundu, kila moja ina pande sita na kofia ya vigae. Ubavuni zimepambwa kwa korongo, popo, maua, na wanyama wa ngano walioaminiwa kufukuza moto. Hazikuegemea nyumba yoyote, wala hapana jiko karibu nazo. Moshi wake ulitoka wapi?

Ulipita chini ya sakafu ya malkia. Mfumo huo unaitwa ondol, na ndio uliowawezesha Wakorea kuishi katika nchi ambayo usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi. Moto huwashwa kwenye tundu lililo chini kabisa ya ukuta, nje ya chumba. Katika nyumba za watu wa kawaida tundu hilo lilikuwa jikoni, juu yake sufuria kubwa ya chuma, hivyo kuni zilezile zilipika wali na kupasha chumba cha pili. Moshi wa moto huingia kwenye mifereji iliyojengwa chini ya sakafu, na juu ya mifereji hiyo hulazwa mawe bapa. Mawe hufunikwa kwa udongo, kisha karatasi nene iliyonyweshwa mafuta ili moshi usipenye. Jiwe likishika joto haliliachii upesi. Moto wa jioni humfikisha mtu alfajiri.

Ujanja wenyewe umo katika mambo madogo. Mara baada ya meko njia hupanda ghafla, kisha hutengenezwa kizingiti, ili moshi ukishaingia usirudi jikoni. Mwisho wa mifereji, kabla ya dohani, huchimbwa shimo la kunasa majivu na kuzuia upepo baridi unaoshuka kutoka nje. Na mawe ya karibu na moto huwa manene kuliko ya mbali, la sivyo upande mmoja ungeunguza watu na mwingine ungewagandisha.

Sasa turudi bustanini. Jumba la kifalme ni mbao, vigae na madirisha ya karatasi. Cheche moja inatosha. Gyeongbokgung, lililojengwa mwaka 1395, liliteketea mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likabaki magofu mpaka lilipojengwa upya mwaka 1867. Waliojenga upya waliupitisha moshi ardhini hadi nje, mbali na mapaa, wakauachia huko juu. Dohani ndefu huvuta moshi vizuri zaidi, na kwa kuwa malkia angeitazama kila siku dirishani, waliifanya pambo. Dohani hizo zimeishi kuliko nyumba yake: mbao za Gyotaejeon ziling'olewa baada ya moto wa mwaka 1917 katika jumba la Changdeokgung, zikatumika kule. Nyumba unayoiona leo ilisimamishwa upya mwaka 1995, lakini dohani ni zilezile.

Hatua chache mashariki, nyuma ya Jagyeongjeon, nyumba ya mama wa kifalme, kuna dohani nyingine iliyofichwa ukutani. Ukuta huo una michoro ya misonobari, kulungu, kobe na korongo, alama za maisha marefu. Kwangu mimi ndiyo kazi nzuri kuliko zote mle ndani, na watu huipita wakidhani ni ukuta tu.

Ukishaielewa sakafu hii, mengi ya Korea yanajieleza yenyewe. Viatu huvuliwa mlangoni kwa sababu sakafu ndiyo kitanda, ndiyo kiti, ndiyo meza. Sehemu iliyo karibu na meko, araetmok, ilikuwa ya wazee na wageni. Hapo pia mama alifunika bakuli la wali kwa shuka zito, ili aliyechelewa kurudi akute chakula cha moto. Na kwa ajili ya kiangazi, nyumba hiyohiyo ilikuwa na ukumbi wa mbao ulioinuliwa na kuachwa wazi, watu wakapunga upepo kama sisi barazani.

Usifikiri ondol haikuwa na hatari. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 milima ilibaki uchi, kuni zikaadimika, na watu wakahamia kwenye matofali ya mviringo ya makaa ya mawe yenye matundu. Sakafu ikipata ufa, kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ilipenya usiku na kuua familia zikiwa usingizini. Kilichoondoa balaa hilo ni maji ya moto: siku hizi hata ghorofa mpya za Seoul zina mabomba ya maji hayo yaliyozikwa ndani ya sakafu, na nyingi zina mtambo wa gesi wa kuyapasha moto. Moshi umeondoka, joto bado linatoka chini. Mwaka 2018 serikali iliutangaza utamaduni wa ondol kuwa urithi wa taifa.

Kwa hiyo panga siku yako, ukikumbuka kuwa Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Kabla ya kuzifuata dohani, chuchumaa kwenye msingi wa nyumba ya malkia utafute matundu meusi ya meko, kisha fuata kwa macho njia ya moshi hadi bustanini. Bukchon, mtaa wa nyumba za kale, uko karibu kwa miguu. Tembea polepole bila kelele, kwani humo wanaishi watu. Ukilala huko usiku wa baridi na mwenyeji akikuuliza kitanda au godoro la chini, chagua la chini.