Ernie Chambers na nguvu ya kujua kanuni

Nafundisha taratibu za mabunge, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mbunge asiye na chama nyuma yake ataweza nini? Jibu langu liko Nebraska, Marekani.

Ernie Chambers alikuwa kinyozi wa kaskazini mwa jiji la Omaha, kwenye mitaa ya Wamarekani weusi. Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1971, na kwa miaka mingi alikuwa mweusi pekee kati ya wabunge 49. Mshahara wa mbunge huko ni dola 12,000 tu kwa mwaka.

Bunge la Nebraska lina chumba kimoja, na wagombea hawasimami kwa tiketi ya chama. Hukaa siku 90 mwaka mmoja, 60 mwaka unaofuata. Kwa hiyo muda ndio mali, na Chambers aliujua thamani yake kuliko mtu yeyote. Muswada hupita hatua tatu ukumbini. Yeye aliweza kusimama na marekebisho, yakikataliwa analeta mengine, saa zikazidi kwenda. Kuufunga mjadala kwa nguvu kunataka kura 33, na kura hizo hazipatikani kirahisi. Mwenye muswada akiona siku zinamwishia, humfuata wakaelewane. Hapo ndipo mtu mmoja anapopata uzito wa kundi zima.

Lakini hakuwa mtu wa kuzuia tu. Mwaka 1980 bunge lilipitisha azimio lake la kutaka fedha za pensheni za jimbo ziondolewe kwenye kampuni zilizowekeza Afrika Kusini ya makaburu. Vita yake ndefu zaidi ilikuwa dhidi ya adhabu ya kifo. Muswada wa kuifuta ulipita mwaka 1979, gavana akaukataa. Akaurudisha tena na tena, hadi mwaka 2015 bunge likaipiku kura ya turufu ya gavana kwa kura 30 dhidi ya 19; zilizohitajika zilikuwa 30, kwa hiyo hapakuwa na hata moja ya ziada. Mwaka uliofuata wananchi wakairejesha adhabu hiyo kwa kura ya maoni.

Kikomo cha mihula miwili mfululizo, kilichopitishwa mwaka 2000, kilimtoa mwaka 2009. Akarudi 2013, kikamtoa tena 2021 akiwa na miaka 83. Mimi sikiungi mkono. Mbunge anayezijua kanuni akiondoka, wanaobaki kuzijua ni washawishi wa kulipwa, na hao hawapigiwi kura na mtu.