Dokumentari ya dairekta akiwa kazini si tangazo, tuelewane

Kila nikiambia mtu nafuata dairekta fulani hapa Nairobi akishuti filamu yake, naulizwa, "aah, zile za kuweka YouTube wiki ya uzinduzi?" Zile za dakika tatu, maekta wanasifu dairekta na dairekta anasifu maekta, hilo ni tangazo, na sizitukani maana zimenilipia rent mara kadhaa. Lakini si hiyo nafanya.

Halafu kuna wanaosema ati tunaokota mabaki ya filamu kubwa. Wapi! Kamera ni yangu, saundi yangu, stori yangu. Cheki Burden of Dreams, dokumentari ya Les Blank, 1982, dairekta Werner Herzog akitengeneza filamu yake Fitzcarraldo huko Peru. Staa alikuwa Jason Robards, akaugua kazi ikiwa katikati na hakurudi, Mick Jagger naye akaenda zake, Herzog akaanza upya na Klaus Kinski. Sasa sini za Robards na Jagger ukitaka kuziona unaenda kwa dokumentari, filamu yenyewe haina. Mabaki ni ya nani hapo?

Ati filamu isipoisha, na wewe umeisha. Keith Fulton na Louis Pepe walimfuata dairekta Terry Gilliam Uhispania mwaka wa 2000 akishuti filamu ya Don Quixote, siku ya pili mafuriko yakabeba vifaa, ndege za kijeshi zikawa zinaharibu saundi, mzee wa kucheza Don Quixote mgongo ukamkatalia, kazi ikafa. Dokumentari yao, Lost in La Mancha, ikatoka 2002. Gilliam alikuja kumaliza yake 2018! Hapo kwa ndege nilicheka vibaya, sababu ukishuti Lang'ata karibu na uwanja wa ndege wa Wilson unajua hiyo shida, skripti inasema kijiji kimetulia, mtu wa saundi anainua mkono, sote tunaganda, ndege ikipita inakuja ingine.

Na ile ya dairekta kupiga kelele "eksheni" siku nzima, hiyo mmetoa kwa katuni. Mimi kitu nashuti sana ni watu wakingoja. Jua litoke kwa mawingu, jenereta iwake, ekta mwenye amekwama Mombasa Road na anasema yuko karibu tangu saa mbili asubuhi. Halafu saa kumi na mbili jioni, shoti nne zimebaki, na giza ya hapa haibembelezwi, nusu saa tu na umefungiwa. Uso wa dairekta dakika hizo ndio filamu yangu.

Mwisho kuna hii, ati akikubali umfuate basi kila kitu ni chako. Mke wa Francis Ford Coppola, Eleanor, alikuwa akimrekodi bila yeye kujua wakati akidairekti Apocalypse Now, na hizo sauti ziko ndani ya dokumentari Hearts of Darkness, 1991, miaka 12 baada ya filamu kutoka. Mimi si mke wa mtu. Wiki jana dairekta wangu aliniambia nizime, nikazima kamera, nikasahau ile maiki ya kwa kola. Dakika 40 hivi, akiongea na prodyusa kuhusu pesa. Faili iko kwa hadi diski, sijaifungua. Jumamosi tunaonana, nitampatia hedifoni asikize yeye kwanza.