Kabla Hujavuka Geti la Loduare

Kila ikifika Juni simu yangu huanza kuita mapema. "Fundi, gari nimeshalifanyia sevisi, kesho kutwa tunapanda Serengeti. Liangalie tu kidogo." Nikiuliza sevisi gani, jibu ni lilelile: oili na filta yake. Nacheka kimoyomoyo, maana kwa muda wote niliokaa na spana hapa Arusha, magari ya kambi niliyoyafuata porini kwa sababu ya injini ni machache mno. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, silinda 6, isiyo na tabo, ukiipa oili safi na maji hukuvumilia hata ukiionea. Ninachofuata porini ni springi iliyokatika, betri iliyoruka kwenye kitako chake, keria iliyoachia maungio, friji iliyokufa na nyama ya siku nne ndani yake.

Vyote hivyo vinatoka tumbo moja: mtikisiko, na uzito juu ya mtikisiko. Lami inakufikisha Loduare, geti la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Baada ya geti unapanda kingo za kreta, unashuka hadi uwandani, na kutoka hapo kuelekea Naabi, geti la Serengeti, hadi Seronera katikati ya hifadhi barabara ina vijituta vilivyopangana kama mbavu za punda. Gari linatetema saa nzima bila kupumzika. Sasa hesabu ulichobeba. Hema la juu ni kilo 60 hivi. Madumu manne ya maji, lita 80, ni kilo 80, hakuna mjadala. Ongeza tairi mbili za akiba, friji, gesi, viti, meza, chakula, na mgeni aliyekuja na begi la kuhamia. Nati ambayo mjini ingekaa mwaka mzima, hapo inajifungua kwa siku moja.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwa mikono hii. Nilifunga springi mpya za nyuma kwenye gari lililokuwa linaondoka alfajiri. Nikakaza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nikapaka rangi, nikaenda kulala. Springi mpya lazima ikae: majani yake yakikandamizwa na mzigo, rangi iliyoko katikati husagika, na yubolti iliyokuwa imekaza jana leo imelegea. Ilitakiwa zikazwe tena baada ya kilomita 100 au 200, yaani pale Karatu. Sikumwambia dereva. Yubolti zikilegea, ekseli yote inabaki kushikiliwa na senta bolti, ambayo ni nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho na kazi yake ni kuyapanga majani tu. Ilikatika kabla ya Naabi. Dereva akanipigia: "Fundi, gari linatembea ubavu kama kaa." Ekseli ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja, tairi linakwangua bodi. Nilifika jioni na senta bolti mfukoni, tukafanya kazi kwa tochi, na wageni ndani ya gari wanasikiliza fisi.

Tangu siku ile yubolti zinakazwa mara tatu: gereji, Karatu, na usiku wa kwanza kambini. Spana ya saizi yake naifunga kwa kamba kwenye jeki ili isipotee. Senta bolti ya akiba ipo kwenye kisanduku cha vifaa, na nati yake. Halafu kuna rangi ya kucha. Nanunua chupa nyekundu duka la kona, muuzaji ananiangalia vibaya, sijali. Kila nati nikishaikaza navuta mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mistari ikiachana, nati imezunguka. Dereva hahitaji ufundi wowote, anachuchumaa asubuhi na kikombe chake cha chai anaangalia mistari: yubolti, shokapu, nati za tairi, bolti za keria, miguu ya hema. Dakika tano. Nati za tairi nizirudie, kwa sababu watu huzisahau baada ya pancha: tairi lililofunguliwa njiani linakazwa tena baada ya mwendo mfupi, sio ukifika nyumbani.

Upepo wa tairi ni ugomvi wangu na madereva wazee. Wao wanataka tairi gumu kama jiwe kokote wanakokwenda. Gari likiwa na mzigo, mimi naweka nyuma psi 40 kwenye lami, lakini tukiingia rafu rodi nateremsha hadi 30 hivi na kupunguza mwendo. Tairi laini linameza vile vijituta badala ya kuvipeleka kwenye springi, tena linapita juu ya jiwe kali bila kuchanika. Ukirudi kwenye lami, jaza. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami linachemka na kupasuka. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Na ukisha kupima, soma ubavuni namba nne za mwisho za ule mlolongo unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi za akiba huzeekea juu ya keria, kwenye jua, bila kukanyaga hata jiwe moja. Mtu anaziona zina meno mapya anadhani ni mpya.

Jeki, chukua na kipande cha ubao kipana. Kwenye udongo mweusi wa mbuga jeki inazama, gari linabaki palepale.

Sasa friji, ambayo ndiyo inayonipigia simu kuliko kitu kingine. "Fundi, friji uliyonifungia ni mbovu." Mara nyingi friji ni nzima. Fanya hesabu hii. Kompresa ikiwaka inakula kama ampea 4. Tuseme inafanya kazi nusu ya muda. Kwa saa 24 umekula karibu ampea-saa 48. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuishusha chini ya nusu, la sivyo unaiua. Kwa hiyo una siku moja. Ukilala Seronera usiku wa pili bila kuwasha gari wala kuwa na sola, friji ikizima haijakukosea. Nayo isinywe kwenye betri ya kuwashia gari. Iwe na betri yake ya pili, na rilei ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Juu ya kingo za kreta, pale kambi ya Simba, kwenye mita 2,300 hivi, asubuhi ni baridi ya kutetemesha meno, na injini ya dizeli inataka betri yenye nguvu ili iamke.

Tatizo la pili ni waya. Mafundi umeme wengi hupitisha waya mwembamba wa redio kutoka kwenye boneti hadi nyuma kabisa. Pima mwenyewe, friji ikiwa inanguruma: kwenye betri unaona volti 12.5, kwenye soketi ya friji 11.6. Karibu volti nzima imepotelea njiani, friji inadhani betri imekwisha na kujizima. Weka waya mnene, milimita 6 za mraba au zaidi, na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu waya huo ukisuguliwa na mtikisiko hadi ukagusa bodi, fyuzi iliyokaa kwenye soketi haitakusaidia.

Gesi haina maneno mengi. Povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanakua usiondoke. Mtungi usimame wima, ufungwe, na usiku ulale nje.

Vumbi linataka kazi ya kila siku. Ekilina, yaani filta ya hewa, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kwa nje unalishindilia. Dizeli ya madumu usiiamini: chini ya filta kuna kikoki, juu yake pampu ya mkono, legeza, pampu mpaka maji yaishe na dizeli safi itoke, kaza. Kwenye vijia vyenye nyasi katikati, ingiza kichwa uvunguni jioni. Mbegu huziba rejeta, na nyasi kavu zilizojisokota kwenye ekzosi zinaweza kuwaka moto.

Nilisema injini haisumbui. Iko moja: taiming belti, mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Taa ya T-BELT huwaka kwenye kilomita 100,000, lakini gari lililopita mikono mingi huenda mtu aliizima bila kubadilisha kitu. Belti ikikatika, valvu zinagonga pistoni na safari imeishia hapo. Kama huna karatasi ya kuonyesha ilibadilishwa lini, badilisha.

Mkirudi, najua mmechoka, lakini hema lifunguliwe uani siku hiyohiyo hadi likauke. Lililokunjwa na umande linaota ukungu kwa siku chache tu, na ukungu wa turubai hautoki. Zipu zipigwe brashi, kisha zipakwe mshumaa. Maji yamwagwe kwenye madumu. Friji ifutwe na mlango uachwe wazi kidogo. Kuna moja niliifungua baada ya mwezi, hata mbwa wa gereji alihama.