Je, wajua kwa nini Waalgeria waliandamana dhidi ya picha?

Mwaka 2018, katika mji wa Djelfa, wafuasi wa Rais Abdelaziz Bouteflika walileta farasi wa zawadi. Mwenyewe hakuwapo. Ilikuwapo picha yake ndani ya fremu, na farasi akakabidhiwa picha. Vituko vya namna hiyo vilikwisha kuwa kawaida Algeria: picha inabebwa juu juu, inawekwa mbele ya umati, inapigiwa makofi. Wananchi nao wakampachika rais wao jina la utani: Fremu.

Mwenye picha alipata kiharusi Aprili 2013. Mwaka uliofuata alishinda muhula wa nne bila kupanda jukwaani hata mara moja, akala kiapo akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kisha, tarehe 10 Februari 2019, ikatangazwa kwamba mzee huyo wa miaka 81 anawania muhula wa tano.

Kwa nini walivumilia muda wote huo? Kwa sababu ya miaka ya 1990. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliua zaidi ya watu 100,000, na Bouteflika, aliyeingia madarakani 1999, alihesabiwa kuwa ndiye aliyeleta utulivu. Kikomo cha mihula miwili kilipofutwa 2008, kelele zilikuwa chache. Fedha za mafuta zilisaidia pia, mpaka bei ilipoporomoka 2014. Lakini kijana aliyezaliwa 1999 havikumbuki vita. Anachokijua ni rais mmoja tu, tena wa kwenye fremu.

Ijumaa ya tarehe 22 Februari mitaa ikafurika, pamoja na kwamba maandamano yalikuwa marufuku Algiers tangu 2001. Ijumaa ni siku ya mapumziko, na baada ya sala watu tayari wako nje. Waziri Mkuu Ahmed Ouyahia aliwaonya kwamba hata Syria ilianza kwa maua ya waridi. Wao wakajibu kwa neno moja, "silmiya", yaani kwa amani, neno la ukoo mmoja na "salama" yetu. Vuguvugu lenyewe likaitwa Hirak, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuona kwamba ni neno la mzizi mmoja na "harakati".

Tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ya kurudisha fomu, meneja wa kampeni alizipeleka Baraza la Katiba. Mgombea alikuwa hospitalini Geneva. Ikasomwa ahadi yake: mkinichagua, nitaitisha uchaguzi mwingine kabla ya mwaka kwisha, na mimi sitagombea. Yaani anaomba kiti ili apate kung'atuka! Ijumaa iliyofuata umati ulikuwa mkubwa zaidi.

Hatimaye, tarehe 11 Machi, ikatoka barua ya kujitoa. Ndani yake Bouteflika alisema hapatakuwa na muhula wa tano, na kwamba kwake jambo hilo halikuwahi hata kufikiriwa. Mwezi mmoja nyuma lilikuwa limetangazwa kwa jina lake. Sasa, kama yeye hakutaka kugombea, nani alikuwa akigombea?

Nionavyo mimi, jibu la swali letu limo humo. Umati haukuwa ukimsihi mzee akapumzike. Ulikuwa ukiuliza ni mkono wa nani unaotia saini: wa mdogo wake, Said? Wa matajiri waliowazunguka? Wa majenerali? Tena barua hiyohiyo iliahirisha uchaguzi wa tarehe 18 Aprili bila kutaja siku mpya. Muhula wa tano umefutwa, wa nne umerefushwa. Usiku huo kijana mmoja alijitosa mbele ya kamera ya televisheni na kusema "yetnahaw gaa", waondolewe wote. Mtangazaji akamtaka azungumze Kiarabu. Akajibu kwamba hiyo ndiyo Darija yao, Kiarabu cha mitaani. Maneno yake yakawa wimbo wa barabarani.

Tarehe 26 Machi mkuu wa majeshi, Ahmed Gaid Salah, akataka kifungu cha 102 cha katiba kitumike, kile kinachohusu rais asiyeweza kazi kwa ugonjwa. Kifungu chenye maana hiyo kilikuwamo katika katiba tangu kabla ya kiharusi. Kwa miaka sita hakuna mkubwa aliyekiona. Tarehe 2 Aprili televisheni ikamwonyesha Bouteflika kwenye kiti chake cha magurudumu, akimkabidhi barua ya kujiuzulu Tayeb Belaiz, mwenyekiti wa Baraza la Katiba.

Tarehe 5 Aprili, Ijumaa, mitaa ya Algiers ikafurika tena. Safari hii walitaka kina B watatu waondoke: Bensalah wa Seneti, Bedoui aliyekuwa Waziri Mkuu mpya, na Belaiz huyohuyo aliyepokea barua. Belaiz alijiuzulu tarehe 16.