Upepo wa ziwani na alama zake ndogo

Juzi nimepitia jedwali la tathmini ya maafa la halmashauri moja ya mkoani Mwanza. Ukame wa kwanza, mafuriko ya pili. Upepo mkali na radi kwenye Ziwa Victoria: nafasi ya saba, chini ya viwavijeshi.

Hesabu yenyewe haina uganga. Kila janga unalipatia alama 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea, 1 hadi 5 kwa madhara, unazidisha. Tatizo liko kwenye madhara, maana tunayajaza kwa vitu ambavyo tayari vina karatasi ofisini: ekari za mahindi, nyumba, madaraja. Ukame ukiingia Kwimba, bwana shamba anaandika ripoti. Mtumbwi ukizama usiku na watu watatu, habari inaishia mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, na polisi. Mawe ya mvua ya Mwakata, Kahama, Machi 2015, yaliua watu zaidi ya 40 kwa mkupuo, na kila mtu kwenye kazi hii anayakumbuka. Wanaokufa wawili wawili hawaingii kwenye faili la maafa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa alama, ninaweka kalenda mbili pamoja. Ya kwanza ni ya ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujikusanya huku kwetu alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu wake, na upepo unateremka ziwani kutoka pande zote. Ukikutana huko hauna pa kwenda ila juu, umebeba mvuke. Ndiyo maana ngurumo za ziwani hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri.

Kalenda ya pili ni ya watu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi inapumzika. Basi saa ambazo ziwa ni kali ndizo hizo hizo watu wako katikati yake, ndani ya mbao, watano kwa majaketi okozi mawili. Jedwali letu haliulizi saa.

Kwenye kambi moja ya Ukerewe niliuliza kama utabiri unawafikia.

“Unafika, kaka,” kijana mmoja akanijibu huku akifuta taa yake ya sola. “Ila ukirudi mtupu, tajiri anauliza mafuta yake.”

Tajiri ndiye mwenye mtumbwi. Nilikuwa nimekuja na swali la simu na redio. Udhaifu wenyewe uko kwenye deni la mafuta.

Mafuriko ya ziwa nayo hueleweka vibaya. Maji mengi ya Victoria hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, hivyo linaweza kupanda taratibu kwa miezi, likaingia uani kwako siku ya jua kali. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwenzangu mmoja aliupa uwezekano wake alama 1, “mambo ya zamani.” Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na 2024 maji yakapita hata hapo. Nikamfutia. Zile mita 60 za kutojenga ufukweni, zilizomo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, zina kazi kweli.

Tetemeko nililiacha mahali pake. Bukoba 2016 ilitosha kulipatia nafasi.

Mstari wa upepo nimeugawa: wa mchana nchi kavu, na wa usiku ziwani wakati wa giza. Huu wa pili umetoka na alama 20. Kikaoni wakanidai ushahidi, nami sikuwalaumu. Nimewaomba viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, madaftari wanamoandika mitumbwi inayotoka na inayorudi. La kwanza limefika jana, limeloa upande mmoja, kurasa za Aprili zimegandana.